Miwani Iliyozama Ziwani: Insha Juu ya Vifaa vya Kuondoa Mtoto wa Jicho

Mwaka 2013, tulipokuwa tunapanda boti usiku kutoka upande wa Fizi kuelekea Kigoma, miwani ya koko ilianguka katika Ziwa Tanganyika. Nilikuwa na miaka tisa. Watu walikuwa wanasukumana, kila mmoja anataka kupanda kabla boti haijajaa, na mtu mmoja alimgonga koko begani. Ile kamba aliyoifungia miwani shingoni ilikatika. Nilisikia mlio mdogo wa kitu kikiingia majini, basi. Hakuna aliyeweza kuitafuta. Koko hakulia wala hakugombana na mtu. Alinyoosha mkono akasema, "Nishike, mjukuu wangu. Macho yangu yamebaki majini."

Nilidhani anatania. Miwani ni miwani, nilijiambia, tukifika tutapata nyingine. Lakini tulivuka ziwa, tukapita Tanzania kwa mabasi hadi Mbeya, tukaingia Malawi kupitia Karonga, tukafika kambi ya Dzaleka katika wilaya ya Dowa, na miaka mitatu ikapita bila koko kuona uso wangu. Mwaka 2016 alipasuliwa jicho lake la pili mjini Lilongwe. Siku iliyofuata aliona, na tangu hapo hakuvaa miwani ya kuonea mbali hata siku moja.

Jambo hili lilinisumbua kwa muda mrefu. Ugonjwa ulikuwa mmoja na mgonjwa alikuwa mmoja. Kwa nini jicho la kwanza lilipasuliwa likabaki mtumwa wa miwani, na la pili likawa huru? Mwalimu wetu wa historia alipotuambia tuchague kitu kimoja kilichobadilisha maisha ya watu tunaowajua, nilichagua hili. Katika insha hii nitaeleza vifaa vilivyotumika kuondoa mtoto wa jicho tangu zamani hadi leo, halafu nitarudi kwa koko.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Wengi hapa kambini wanaamini kwamba mtoto wa jicho ni ngozi inayoota juu ya jicho, na kwamba daktari huikwangua. Sivyo. Nyuma ya mboni, ndani kabisa ya jicho, kuna lenzi ndogo iliyo angavu kama maji, imefungwa katika kifuko chembamba. Kazi yake ni kukusanya mwanga ili picha iangukie vizuri nyuma ya jicho. Mtu akizeeka, au akiumia, au akiwa na kisukari, lenzi hiyo huanza kuwa na ukungu, kisha huwa nyeupe au ya kahawia, na mwanga haupiti tena. Hakuna dawa ya matone inayoirudisha. Dawa ni kuitoa njiani. Wamalawi wanauita ugonjwa huu ng'ala. Waarabu wa zamani waliamini ni maji yanayoshuka ndani ya jicho, na Wazungu wa enzi za kati wakafuata mawazo hayo, ndiyo sababu jina la ugonjwa katika lugha zao, pamoja na Kifaransa tulichosoma Kongo, linatokana na neno la maporomoko ya maji. Sisi Waswahili tunauita mtoto wa jicho.

Kifaa cha kwanza kilikuwa sindano. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, maandishi ya Kihindi yanayohusishwa na tabibu Sushruta yalieleza namna ya kuingiza sindano pembeni mwa jicho na kuisukuma lenzi chafu ianguke chini, mbali na mboni. Mroma Celsus aliandika juu ya njia hiyo hiyo katika karne ya kwanza. Haikuwa kuondoa mtoto wa jicho, ilikuwa kumhamisha chumba. Lenzi ilibaki ndani ya jicho, imelala chini. Mgonjwa aliona mwanga palepale, pengine aliona hata umbo la mkono, naye tabibu alilipwa na kuondoka. Baada ya siku au wiki, jicho mara nyingi lilivimba, likauma, likafa. Njia hii haijaisha. Katika sehemu mbalimbali za Afrika bado wapo watu wanaozunguka vijijini na sindano zao, hasa mahali ambapo hospitali iko mbali.

Karibu mwaka 1000, tabibu Ammar ibn Ali, mzaliwa wa Mosul aliyefanya kazi Misri, aliandika kitabu juu ya magonjwa ya macho. Yeye hakutaka kumhamisha mtoto wa jicho, alitaka kumtoa. Alitengeneza sindano ya chuma yenye tundu ndani, akaiingiza jichoni, na mtoto wa jicho aliyekuwa laini akafyonzwa kupitia tundu hilo. Wazo lilikuwa zuri, lakini watoto wa jicho wengi wa wazee ni wagumu, hawapiti katika tundu la sindano. Naomba msomaji aikumbuke sindano hii yenye tundu, maana tutakutana nayo tena Lilongwe.

Hatari ya njia ya zamani inaonekana vizuri katika mwaka 1750. Mwanamuziki Johann Sebastian Bach, aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona, alipasuliwa macho mara mbili mjini Leipzig na Mwingereza John Taylor, tabibu aliyesafiri mji hadi mji akijisifu. Bach hakupona macho, na mwezi wa Julai mwaka huo huo akafariki. Baadaye Taylor alimtibu pia mwanamuziki Handel, naye akabaki kipofu.

Lakini wakati Taylor anazunguka, Ufaransa ilikuwa imeshapata jibu jingine. Mwaka 1747 daktari Jacques Daviel alikata sehemu ya chini ya kioo cha mbele cha jicho, akakifungua kama mtu anayeinua pazia, akapasua kifuko cha lenzi na kuitoa lenzi nje. Mwaka 1752 aliwasilisha njia yake mbele ya chuo cha wapasuaji mjini Paris. Njia mpya ilidai vifaa vipya: kisu cha pembetatu cha kutoboa, mikasi iliyopinda, mmoja wa kukatia kulia na mwingine kushoto, kijiko kidogo, na sindano ya kuchania kifuko. Kwa mara ya kwanza daktari alikuwa na seti nzima ya vifaa kwa kazi hii moja. Katikati ya miaka ya 1860, Mjerumani Albrecht von Graefe aliunda kisu chembamba sana ambacho kilikata kidonda kilichonyooka na kupona vizuri zaidi. Kisu hicho kilibeba jina lake kwa miaka mia moja.

Tukumbuke kwamba mpaka hapo wagonjwa wengi walikuwa wanahisi kila kitu. Walishikwa kichwa na watu wenye nguvu. Mwaka 1884, kijana Carl Koller mjini Vienna aligundua kwamba matone ya kokeini huondoa hisia za jicho. Mimi nayahesabu matone yale kuwa kifaa pia. Kisu kikali hakina faida ikiwa jicho linacheza.

Katika karne ya ishirini madaktari wengi waliona ni bora kutoa lenzi pamoja na kifuko chake chote, ili kusibaki kitu ndani kitakachotia ukungu tena. Tatizo lilikuwa namna ya kuishika. Lenzi huteleza kama mbegu ya chungwa. Wengine walitumia koleo, wengine kikombe kidogo cha kufyonza. Mwaka 1961 Tadeusz Krwawicz wa Poland akaeleza kifaa cha baridi: kijiti cha chuma kilichopozwa sana kikigusa lenzi, lenzi huganda na kunata juu yake kama ulimi unavyonata kwenye barafu, kisha daktari anaivuta taratibu hadi itoke nzima.

Hapa ndipo koko anapoingia katika historia. Mwaka 1991 alipasuliwa jicho la kulia katika hospitali moja ya misheni huko Kivu ya Kusini. Hakujua jina la kifaa kilichotumika. Alikumbuka kwamba jicho lilishonwa kwa nyuzi, kwamba alilazwa siku nyingi na kukatazwa kuinama, na kwamba mwishoni alipewa miwani. Lenzi yake ilitolewa yote, na mahali pake hapakuwekwa kitu. Jicho lisilo na lenzi ni kama kamera iliyong'olewa kioo cha mbele: mwanga unaingia, lakini picha imetawanyika. Ili aone, alihitaji kioo kinene puani, kinene kama chini ya chupa.

Miwani ya aina hiyo humsaidia mtu kweli, lakini ina masharti. Vitu huonekana vikubwa kwa karibu robo zaidi na kana kwamba vimesogea. Koko alisimulia kwamba wiki za kwanza alikuwa akimimina chai nje ya kikombe, na ngazi za kanisa zilimtisha kwa sababu ziliinuka kumfuata. Pembeni haoni, hivyo pikipiki humtokea ghafla. Alizoea. Alilima, aliuza samaki, alilea watoto wa mwanawe. Kila usiku aliweka miwani ndani ya sufuria ndogo yenye kifuniko ili panya wasiiguse, na kila alipotoka nyumbani aliifunga kwa kamba shingoni. Kwa miaka ishirini na miwili, uwezo wake wote wa kuona ulining'inia kwenye kamba ile.

Wakati koko anapasuliwa mwaka 1991, jibu la tatizo lake lilikuwa limeshapatikana zaidi ya miaka arobaini nyuma. Harold Ridley alikuwa daktari wa macho wa London. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alihudumu pia Afrika Magharibi, katika nchi inayoitwa leo Ghana, ambako alichunguza upofu wa mtoni. Nyumbani Uingereza aliwatibu marubani wa ndege za kivita ambao vioo vya ndege zao vilivunjwa kwa risasi na vipande vikawaingia machoni. Vioo hivyo vilikuwa vya plastiki ngumu. Ridley aliona jambo la ajabu: vipande vya plastiki ile vilikaa ndani ya jicho bila kulisumbua, wakati mwili kwa kawaida hupigana na kitu kigeni. Kisha siku moja mwanafunzi wa udaktari aliyemtazama akitoa mtoto wa jicho alisikitika kwamba daktari harudishi lenzi nyingine mahali pa ile aliyoitoa. Mimi ni mwanafunzi, kwa hiyo naipenda sehemu hii. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', Ridley alijaribu kumwekea mwanamke mmoja lenzi ya plastiki ndani ya jicho.

Wenzake wengi hawakumpongeza. Wakubwa wa fani walisema ni hatari kuingiza kitu jichoni wakati kazi ya daktari ni kutoa. Na kweli lenzi za mwanzo zilikuwa nzito, nyingine zilihama mahali pake, nyingine zilileta uvimbe. Ilichukua miaka mingi ya kurekebisha umbo, uzito na namna ya kuzishikiza. Marekani iliziidhinisha rasmi mwaka 1981. Ridley mwenyewe uzeeni alipata mtoto wa jicho akawekewa lenzi aliyoianzisha, na mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 93, alipewa heshima ya kuitwa Sir.

Wakati huohuo vifaa vya kutolea vilizidi kuwa vya kisasa. Mwaka 1967 Charles Kelman wa New York alianza kutumia sindano inayotetemeka kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Wazo alilipata kwenye kiti cha daktari wa meno, kifaa cha aina hiyo kikimsafishia meno. Sindano yake husaga lenzi ndani ya jicho na kuifyonza kupitia kidonda kidogo sana. Ni ndoto ya Ammar ibn Ali iliyotimia baada ya karibu miaka elfu moja. Mwaka 1988 daktari mwanamke Mmarekani mweusi, Patricia Bath, alipata hataza ya kifaa kinachotumia leza kuvunja mtoto wa jicho. Vitabu vingi vya historia huishia hapa, kana kwamba safari imefika.

Lakini kwa mtu anayeishi Dowa, historia haiwezi kuishia hapo. Mashine ya Kelman ni ghali, inataka umeme usiokatika, inataka vipuri vinavyobadilishwa kila mara na fundi wa kuitengeneza ikiharibika. Lenzi ya Ridley nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliuzwa kwa karibu dola 100 za Marekani au zaidi. Ndiyo maana mwaka 1991 wagonjwa wengi wa nchi maskini, koko akiwa mmoja wao, walitolewa lenzi wakapewa miwani. Maarifa yalikuwepo, bei ndiyo iliyowazuia.

Kwa hiyo mimi nasema kwamba mabadiliko makubwa zaidi kwa watu kama sisi yalitokea katika viwanda vitatu vidogo, na kimoja kilijengwa katika Afrika yetu ya Mashariki. Mwaka 1992 hospitali ya macho ya Aravind, mjini Madurai, India, ilianzisha kiwanda kiitwacho Aurolab kutengeneza lenzi za bei nafuu. Cha pili kilijengwa Asmara, Eritrea. Daktari Fred Hollows, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Australia, alitembelea Eritrea mwaka 1987 wakati wa vita vya ukombozi. Alikuta wapiganaji wakitengeneza dawa zao wenyewe milimani, ndani ya mahandaki, huku ndege zikipita juu. Akasema watu wanaoweza hayo wanaweza kutengeneza lenzi. Alifariki mwaka 1993, lakini mwaka 1994 kiwanda kilifunguliwa Asmara. Kiwanda cha tatu kilianzishwa Kathmandu, Nepal, katika kituo cha Tilganga cha daktari Sanduk Ruit, ambaye naye alizaliwa kijiji cha milimani mbali na hospitali yoyote. Bei ya lenzi moja ikashuka hadi takriban dola 10, na baadaye chini ya hapo.

Lenzi ikiwa rahisi, bado inahitajika njia rahisi ya kuiingiza. Madaktari wa Nepal, India na Israel waliendeleza upasuaji wa mkono wenye kidonda kidogo kisichoshonwa. Daktari hakati moja kwa moja kwenda ndani. Anachonga njia ya mshazari katika ukuta mweupe wa jicho, kama handaki, na kazi ikiisha shinikizo la jicho lenyewe hufunga njia ile. Nyuzi hazihitajiki. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani upesi, na hii ni muhimu kwa mtu anayesafiri kutoka mbali. Huko Lahan, Nepal, daktari Albrecht Hennig alichukua sindano nyembamba ya kawaida, akaipinda ncha ikawa kama ndoano ya kuvulia samaki, akaitumia kuvuta kiini cha mtoto wa jicho kutoka nje. Koko alikuwa ameuza samaki maisha yake yote. Nilipomweleza juu ya ndoano hiyo alicheka hadi akakohoa.

Sasa nirudi Lilongwe. Jicho la kushoto la koko lilikuwa limeanza ukungu kabla hatujakimbia, na tulipofika Dzaleka likafunga kabisa. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu wapatao elfu kumi, leo ina zaidi ya elfu hamsini. Kituo chetu cha afya kinawahudumia wakimbizi na wanakijiji wa jirani pamoja. Muuguzi alimmulika koko kwa tochi, akaona weupe, akaandika barua ya rufaa. Kisha ikabidi kungoja: barua, kibali cha kutoka kambini, nauli, mtu wa kumsindikiza. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimeshakuwa macho yake kwa miaka mitatu. Nilikosa shule siku za mgao wa chakula kwa sababu foleni haimwoni mzee kipofu. Namwambia msomaji ukweli: kuna siku nilichoka nikautamani uhuru wa watoto wengine, na kuna siku nilimwacha mlangoni nikaenda kucheza mpira, nikamkuta jioni amekaa pale pale juani. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tulipofika Lilongwe tulikuta benchi refu la wazee, kila mmoja na mjukuu wake. Nilishangaa. Nilidhani ni mimi peke yangu. Wauguzi walimwita koko agogo, kama Wamalawi wanavyowaita wazee wote. Alichomwa ganzi karibu na jicho, akaingizwa ndani, na kabla sijamaliza mkate wangu akatolewa akiwa na bandeji.

Kesho yake asubuhi waliipanga safu ya wazee ukutani na kufungua bandeji moja baada ya nyingine. Mhudumu aliinua mkono mbele ya koko akauliza kwa Kichewa, "Ndi zala zingati, agogo?" Ni vidole vingapi. Koko hakujua Kichewa, lakini alijibu kwa Kiswahili, "Vitatu." Kisha akageuza kichwa kunitafuta. Alinitazama kwa muda mrefu, akagusa shavu langu kama kuhakikisha, akasema, "Kumbe umekuwa mrefu hivi." Alikuwa ameniacha na miaka tisa usiku ule wa boti.

Mwaka jana nilirudi Lilongwe kwa ajili ya insha hii. Mtaalamu mmoja wa macho aliniruhusu nitazame sinia la vifaa vilivyotoka kuchemshwa. Nilitegemea mambo makubwa. Nilichokiona kinaingia katika sahani moja ya chakula: kitu cha waya cha kushikilia kope zisifumbe, koleo dogo lenye meno, kisu chenye umbo la mwezi mchanga cha kuchonga handaki, kisu cha ncha cha kuingilia ndani, sindano iliyopindwa, na bomba jembamba lenye njia mbili, moja ya kuingiza maji na nyingine ya kufyonza mabaki ya mtoto wa jicho. Nilipolishika bomba hilo nilimkumbuka Ammar ibn Ali na sindano yake yenye tundu. Kisha akanionyesha lenzi katika pakiti yake. Sehemu ya katikati ina upana wa milimita sita hivi, na pembeni ina mikono miwili myembamba ya kujishikiza ndani ya kile kifuko ambacho sasa hakitolewi tena. Kitu kikubwa chumbani kilikuwa hadubini juu ya kitanda.

Nilimwuliza ni kifaa gani anachokihitaji zaidi. Sikupata jibu nililolitarajia. Alisema visu vikali, kwa sababu kisu butu huchana badala ya kukata, taa ya hadubini inapoungua, na watu wa kufanya kazi. Daktari bingwa wa macho wa kwanza Mmalawi alikuwa Moses Chirambo, ambaye baadaye alikuwa waziri wa afya. Lakini mabingwa peke yao hawawezi kuwafikia wazee wote. Ndiyo sababu Malawi, kama Kenya na Tanzania, imewafundisha pia maafisa tabibu kufanya upasuaji wa mtoto wa jicho. Lilongwe ni mojawapo ya mahali wanapofundishiwa maafisa tabibu wa macho. Kifaa bila mkono uliofundishwa ni chuma tu, kama sindano ya Taylor ilivyokuwa.

Ninamalizia hivi. Watu wengi wakisikia maendeleo ya vifaa wanafikiria mashine inayozidi kuwa kubwa na ghali. Sikatai kwamba mashine hizo ni nzuri, na natumaini zitatufikia. Lakini nikiangalia macho mawili ya koko naona kipimo kingine. Jicho la kwanza lilipasuliwa kwa ustadi, na daktari yule wa misheni alifanya vizuri kwa alichokuwa nacho. Kasoro ni kwamba nusu ya tiba ilibaki nje ya mwili, mahali ambapo vita, panya au bega la mtu mwenye haraka linaweza kuifikia. Jicho la pili lilipewa tiba nzima ndani. Kwa mkimbizi tofauti hiyo ni kubwa. Sisi tumepoteza nyumba, vyeti, picha, sufuria. Kitu kilicho ndani ya jicho hakiwezi kuporwa njiani, na hakihitaji kibali.

Koko alifariki mwaka 2021, na amezikwa hapa Dzaleka. Miaka ile mitano alipika mwenyewe, alichambua maharage mwenyewe akitoa mawe, na alinisahihisha nilipovaa shati chafu kwenda shule. Jioni alipenda kukaa mlangoni, pale pale nilipomwacha siku ile, akiwataja kwa majina watu wanaopita barabarani kabla hawajamsalimu. Benchi la wazee na wajukuu bado lipo Lilongwe. Ukiwa na mzee nyumbani ambaye mboni yake imeanza kuwa nyeupe, usingoje ikomae, na usimwite mtu wa sindano. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, hata kama itabidi ukose mpira.